Siku Niliyomsahihisha Talaso

Nyuma ya msikiti, hapa Garissa, kuna fundi viatu ambaye nikimwona tu nahamia upande wa pili wa barabara. Si kwamba tuna ugomvi. Ni mtu mwema, na kandambili zangu alinishonea bila kunizungusha. Kinachonikimbiza ni beseni lake analolowekea ngozi. Ngozi iliyolowa ina harufu nzito, nusu ya mnyama na nusu ya udongo, na ndiyo harufu ya ndoo za ngozi ya twiga tulizotekea maji kwenye visima vya Wajir nilipokuwa mtoto. Ikinifikia, miaka yangu yote ya uzee inapukutika. Nakuwa tena wa miaka tisa, au kumi, nimesimama karibu na kisima na kibuyu mgongoni, na huu mdomo wangu uko tayari kufunguka. Kiswahili hiki nilikipata ukubwani, dukani kwa marehemu mume wangu, na watu husema nakisema kwa kujiamini mno. Wangenijua nilipokuwa mdogo, wallahi, wangeniomba ninyamaze.

Vita vya Waitaliano vilikuwa vimekwisha, na sisi watoto tulichezea maganda ya risasi yaliyobaki kwenye vichaka. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Malisho yaliisha karibu, kwa hiyo wanaume walipeleka ngamia mbali, wakawarudisha kisimani baada ya siku kadhaa wakiwa na mbavu za kuhesabika. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, kengele zao za mti zikigonga kok, kok, na vumbi likitangulia. Wavutaji wa maji walivua mashuka ya juu, wakashika kamba, wakaanza kuimba, maana ngamia hunywa vizuri akiimbiwa. Maji yale yalikuwa na chumvichumvi. Chai yake hata leo naikumbuka, na sijapata nyingine iliyonikaa mdomoni kama ile. Kisima chetu kilikuwa na ukingo wa jiwe jeupe, na kwenye jiwe kulikuwa na mifereji iliyochimbwa na kamba kwa kupanda na kushuka, mingine inameza kidole changu chote. Nilipenda kuingiza vidole humo wakati wa kusubiri. Haikunijia hata siku moja kujiuliza ni kamba za nani zilizochimba jiwe kiasi kile, ilhali babu yangu alifika hapo akiwa kijana, akitokea ng'ambo ya Mto Juba, na baba yangu ndiye mtoto wa kwanza wa kwetu kuzaliwa Wajir.

Kamba zile zilikuwa za akina Talaso, rafiki yangu. Babu yake na babu wa babu yake walinywesha ng'ombe pale wakiimba kwa Kiborana, tangu kabla yetu. Baadaye serikali ilichora mstari juu ya karatasi, ikasema upande huu wakae Wasomali na upande ule wakae Waborana, na atakayekutwa upande usio wake ahame na mifugo yake. Wengi wa watu wao walihama. Baba yake Talaso, Mzee Hasan, hakutaka kuliacha kaburi la mama yake. Alimjia baba yangu, akachinja fahali mbele ya wazee, akaomba kuwa mtu wetu. Sisi tuna neno la mtu kama huyo, tunamwita shegat. Tangu siku ile ukoo wako ni wake, maji yako ni yake, na anayemgusa amekugusa wewe. Wazee walikubali, wakala nyama, na jambo likaisha. Miaka ikapita. Nilipozaliwa mimi, Mzee Hasan alikuwa jirani tu, mwenye mkono mzuri wa kutibu ngamia, na mke wake alikuwa akikaanga buni kwenye samli mpaka zinapasuka, kisha anatugawia watoto tutafune. Kwetu hatukuwa na desturi hiyo. Nilikuwa naenda kwao kila siku kwa ajili ya buni zile, nisiseme uongo, na kwa ajili ya Talaso. Mbele za watu aliitwa Halima. Mimi niliruhusiwa kumwita Talaso, jina lake la Kiborana.

Mtoto wa Kisomali hufundishwa majina ya babu zake kama anavyofundishwa Al-Hamdu. Baba yake, babu, baba wa babu, mpaka juu kabisa kwa yule ambaye ukoo umechukua jina lake. Kwetu yalikuwa majina kumi na manne. Kaka zangu waliyajua kwa kusukumwa, mimi niliyajua kwa mashindano. Wageni wakija baba aliniita, nikasimama nimeshika mikono nyuma, nikayatiririsha bila kumeza mate, nao wakacheka na kunipa kipande cha sukari guru. Nilijiona. Ayeyo, yaani bibi yangu, alikuwa akisema mtoto huyu ana kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi, na mimi niliichukua kuwa ni sifa.

Kiangazi kile ikasikika kwamba mzungu wa boma anakuja kupanga watu visimani, na kwamba safari hii karani wake atawauliza watu majina ya babu zao, mmoja mmoja. Baba yangu aliniita nje ya boma la mbuzi, akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu. Alinieleza kama anavyomweleza mtu mzima. Wakigunduliwa, akina Talaso watavushwa mstari katika ukame huu, siku nyingi bila maji, na ng'ombe wao hawatafika. Mzee Hasan ameshazoea majina yetu, lakini watoto wake hawajui hata moja, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Kaka yangu mkubwa angewafundisha wavulana. Talaso alikuwa wangu.

"Mfundishe kama unavyojua wewe," alisema baba. "Na asijue mtu kwamba umemfundisha."

Nikamfundisha, tena kwa ukali. Tulikaa kwenye kivuli cha birika la kunyweshea ngamia tukichunga wana-mbuzi, mimi natangulia, yeye anafuata. Majina mawili ya kwanza yalikuwa yao, la baba yake na la babu yake. Kuanzia la tatu yalikuwa yetu. Aliyashika haraka kuliko nilivyopenda, isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya orodha yetu kuna Ali wawili, na baina yao yupo Gedi. Ali mwana wa Gedi, Gedi mwana wa Ali, Ali mwana wa Roble. Talaso akifika kwa Ali wa kwanza alikuwa anarukia Roble moja kwa moja, na Gedi anapotea pamoja na baba yake. Nilimfinya. Nilimnyima zamu ya kumbeba mwana-mbuzi mweupe tuliyempenda. Mara moja nilimwambia kwamba Gedi atamjia ndotoni na fimbo, naye akacheka mpaka akajishika tumbo, akasema huyo babu yako akija nitampa buni. Mpaka siku ya mwisho alikuwa akipatia mara tatu na kukosea mara moja.

Walikuja asubuhi, mzungu, karani wake na askari wenye vilemba vyekundu. Hema lilisimamishwa upande wa kisima wenye upepo. Mzungu alikaa akafuta miwani, na kazi yote aliifanya karani, kijana wa kutoka mbali, mpole wa sauti, ambaye Kisomali chake kilikuwa kama cha mgonjwa. Watu wazima walipita, Mzee Hasan naye akapita, na wazee wetu wakaitikia kwa vichwa kwamba ni ndugu yao. Ndipo karani akataka watoto. Alimnyooshea kidole Talaso, aliyekuwa mbele kwa sababu alikuwa mfupi. Akaulizwa jina, akasema Halima. Akaambiwa endelea. Nilikuwa hatua nne nyuma yake na midomo yangu ikienda pamoja na yake. Akaanza vizuri. Sauti yake ilikuwa wazi, mikono nyuma kama nilivyomfundisha. Alipofika kwa Ali, akarukia Roble, akaendelea mpaka mwisho.

Pale mezani hakuna aliyegundua. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo. Karani hakuyajua majina yale. Kwake yalikuwa kelele tu za kuandika. Wazee waliyajua, wakaangalia chini, na kalamu ilikuwa inakwenda. Ilikuwa imekwisha. Ingekuwa imekwisha.

"Umemruka Gedi!" nikasema. "Nimekufundisha mara ngapi?"

Kalamu ikasimama. Karani akainua kichwa, akanitafuta kwa macho, akaniita kwa kidole, nami nikaenda mbele. Akaniuliza, taratibu kabisa, kwani baba yake hakumfundisha? Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka kusema kweli na nimechelewa miaka mingi. Lile neno la kwanza lilinitoka. Mtu angeweza kunisamehe, mtoto na kimbelembele chake. Lakini nilipoulizwa swali hili nilikuwa nimeshamwona baba yangu. Alikuwa amesimama nyuma ya askari, uso umekwisha rangi, na alinitazama kama mtu anayeangalia ndoo ikikatika kamba. Nilielewa. Naapa nilielewa. Ila mtu mkubwa mwenye kalamu alikuwa akinisubiri mimi, hata mzungu alikuwa amevaa miwani anitazame, na utamu wa kutazamwa ulinizidi. Nikasema, "Alikuwa hajui hata moja. Nimemfundisha yote mimi, kiangazi hiki." Kisha nikayasema majina yote kumi na manne, pamoja na Gedi, bila kuulizwa.

Karani alitabasamu, akaniambia nina akili. Akaandika.

Akina Talaso walipewa siku tatu wahame. Baba yangu na wazee walikwenda kusihi, wakarudi. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliacha tu kuniita mbele ya wageni, na tangu siku ile mpaka anazikwa hakuniambia tena niyaseme majina. Siku ya tatu, wakipakia ngamia, Talaso alikuja kwenye kibanda chetu kuniaga. Nilisikia sauti yake ikiniulizia kwa Ayeyo. Nikajikunyata nyuma ya vyombo vya maziwa, kwenye harufu ya moshi tunaovifukizia, nikaziba mdomo kwa viganja viwili, safari hii nikiweza. Ayeyo alimwambia sipo, na najua alijua nilipo. Talaso akaacha kifurushi kidogo cha ngozi. Ndani yake mlikuwa na buni. Sikuzila, wala sikuzitupa. Nilizificha mpaka panya wakazimaliza. Baada ya mvua tulisikia kwamba wamefika upande wa Isiolo, lakini ng'ombe walikufa njiani, na mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, hakufika. Nimezaa watoto saba tangu wakati huo. Kila nilipomnyonyesha mmoja wao nilimkumbuka yule.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu alikwenda ofisini hapa Garissa kuomba kitambulisho. Alizaliwa mji huu, mama yake alizaliwa mji huu. Akaulizwa baba wa babu yake ni nani, alizaliwa wapi, amezikwa wapi, nani anashuhudia. Msichana huyu anajua majina matatu, mengine hakuwahi kunisikia nikiyataja, maana nami sikuyafundisha tena. Akarudi nyumbani analia, akaniambia, Ayeyo, wameniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nilikaa naye mkekani nikamshika mkono, na sikuwa na uso wa kumlaumu yule wa ofisini. Nilimjua. Nilishawahi kusimama upande wake wa meza.

Mwaka uleule mwanangu mmoja alioa Isiolo. Harusini nikauliza watu wazima kama wanamjua mwanamke aliyetoka visima vya Wajir, jina lake Talaso, na siku ya pili wakanipeleka kwake kwa miguu, karibu tu. Nilimkuta amekaa mlangoni juu ya kigoda, macho yamefifia. Nilijitaja jina. Akamwambia msichana wake alete samli na buni. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi tangu Garissa, nimeyapanga kwa Kisomali na kwa Kiborana kibovu nilichobakiwa nacho, nikaishia kutafuna buni kama mtoto. Yeye ndiye aliyeanza. Aliuliza habari za baba yangu, akamwombea. Aliuliza kama mifereji ya kamba bado ipo kwenye jiwe. Nikasema sijui, sijafika huko siku nyingi. Akasema watoto wake amewafundisha majina, na wajukuu pia.

"Majina gani?" nikauliza.

Akashika mikono nyuma, mwanamke mzee vile, juu ya kigoda. Akaanza kwa baba yake na babu yake, akaingia kwa babu zangu mmoja baada ya mwingine kwa sauti ileile iliyo wazi. Alipofika kwa Ali akapunguza mwendo. Ali mwana wa Gedi, akasema. Gedi mwana wa Ali. Ali mwana wa Roble. Akaenda nayo mpaka juu, hakubakisha mtu. Kisha akaugeuza uso wake upande niliokuwa nimekaa, akingoja nimwambie kama yuko sawa.