Mchuzi wa Kwale Kiganjani

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa mtaani Keshero alikuwa anababua kuku wa arusi ya mtoto wake, na ule moshi wenye harufu ya manyoya yaliyoungua ukaniingilia dirishani. Mwingine angefunga dirisha. Mimi nililifungua zaidi, nikasimama pale nikicheka peke yangu. Kama nawe ulilelewa na nyanya yako utanielewa. Harufu ile kwangu ni ya kwale, wale ndege wa porini, na siwezi kuwakumbuka kwale bila kumkumbuka mama mzazi wa mama yangu.

Kwale walikuwa wanatoka Rutshuru. Mjomba alilima huko mahindi na karanga, na kwale walikuwa wanamfukulia mbegu hata kabla hazijaota, basi akawa anawatega. Wakinaswa watatu au wanne, anawafunga miguu, anawatia kikapuni na kumpa dereva wa minibasi atuletee. Nyanya aliwachinja mwenyewe nyuma ya nyumba, halafu kazi ya manyoya tuliifanya wawili, tumekaa juu ya mawe meusi ya volkano yaliyojaa uani kwetu.

Alikuwa na masharti, nyanya huyo! Maji yasichemke: yakianza tu kuimba unaipua sufuria, la sivyo ngozi itachanika. Unaanza na manyoya makubwa ya mbawa na mkia, kisha kifua, ukivuta machache machache kufuata yanakolala. Ngozi ikichanika ananitazama kana kwamba nimechana kitenge chake cha kwendea misa. Baadaye tunampitisha kwale juu ya moto wa majani makavu ya migomba, tunamsugua kwa majivu, tunampasua. Ndani ya gole, kile kifuko cha chakula shingoni, tulikuwa tunakuta karanga za mjomba, nzima nzima, na nyanya anacheka mpaka machozi. "Angalia mwizi huyu! Ametuletea mpaka na karanga!"

Lakini mwenyewe hakula. Kwao, tangu zamani, mwanamke hali nyama ya ndege. Mama yake hakula, naye hakula. Mama yangu aliuacha mwiko huo alipoolewa mjini, nasi watoto tukawa tunakula bila mtu kutuuliza, wala nyanya hakutukataza. Ila kwa kuwa hakuonja hata mchuzi, alihitaji ulimi wa mtu mwingine, na akauchagua wangu. Anachota mchuzi kwa mwiko wa mti, anaupuliza, ananidondoshea kiganjani, nami nalamba na kutoa hukumu: chumvi imetosha, au bado. Nikisema bado, anaongeza chumvi, na mimi napata tone jingine. Mtoto wa miaka minane hahitaji mwalimu wa kumfundisha hesabu hiyo.

Sasa sikia. Siku moja wazazi wa kijana aliyemtaka mama mdogo, yaani mdogo wake mama, walikuwa wanakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekuja wa kijana mwingine, maharagwe yakaungua, na hawakurudi tena. Mama mdogo alikuwa na hakika kwamba kosa lilikuwa la maharagwe. Safari hii alikuwa amependa kweli, mpaka usingizi umemwisha. Kwa hiyo kwale wanne wa mjomba walipikwa kama wa askofu, kwa vitunguu na mafuta ya mawese, na mimi nikaitwa kuonja.

"Bado," nikasema. Nikapata tone. "Bado kidogo." Nikapata jingine. Ule mchuzi, rafiki yangu, ulikuwa mtamu kupita kiasi, nami sikujizuia. Mara ya tano ulimi ukaniwaka moto. Papo hapo tukasikia wageni wanabisha hodi mbele.

Nyanya aliniangalia usoni. "Mutoto, sema kweli. Chumvi iko namna gani?"

"Iko mingi, nyanya. Nilikuwa nataka muchuzi ingine tu."

Hakunipiga. Alitazama mlango, akatazama sufuria. Mama na mama mdogo walikuwa wamekwisha toka kuwapokea wageni, na ulimi wangu ulikuwa umefukuzwa kazi. Basi akafanya ishara ya msalaba, akajidondoshea mchuzi kiganjani mwake mwenyewe, akalamba.

"Yesu Maria!" akasema, nami nikadhani ni kwa sababu ya chumvi.

Akapunguza nusu ya mchuzi, akatia maji ya moto na viazi, akangoja vilainike. Akaonja. Akaongeza maji kidogo. Akaonja tena. Nami nilichovya kidole kwa kuiba, nikakuta chumvi imekaa sawa kabisa.

"Nyanya, imetosha."

"Weye unajua nini? Bado," akanijibu, akachota tena.

Wageni walikula wakalamba vidole. Muzee, baba wa yule kijana, aliomba kuongezewa viazi. Mama mdogo leo ana watoto watano, na anaamini kwamba kilichofanya kazi siku ile ni uzuri wake. Jioni nyanya alikaa jikoni na bawa moja lililobaki, akilila polepole mpaka mifupa ikawa myeupe. Alikuwa amepita miaka sitini. "Kumbe hii njo kitu wanaume walikuwa wanatuficha," alisema, na tangu siku hiyo kila kikapu kilipofika alijiwekea sahani yake.

Haikudumu. Barabara ya Rutshuru ikawa ya wasiwasi kwa sababu ya vita, mjomba akaacha shamba akaja kukaa nasi, na vikapu vikakoma. Siku hizi nanunua kuku wa barafu, hana kichwa wala gole, na watoto wangu hawajui unyoya unavutwa kuelekea upande gani. Wanakula vizuri, siwalaumu. Nyanya naye tulikwisha mzika. Kila nikimkumbuka nafurahi, kisha naona uchungu kwa ajili yake. Tangu usichana wake aliwanyonyoa kwale wa baba yake, wa kaka zake, wa mume wake, wa wanawe, na idadi yao hata yeye hakuijua. Aliowala mwenyewe naijua idadi yao, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu naye kila mara. Walikuwa tisa.