Jiwe Juu ya Kitufe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo, skrini yenye kisogo kikubwa, na maneno machache ya Mkuu wa Huduma ya Kompyuta. Alikuwa mzee mfupi wa kaskazini mwa Katanga, anayevaa tai hata Jumamosi.

"Ngoy," akaniambia, "hapa programu haiko bwana ya mutu. Iko mulinzi. Inangojea mutu abishe hodi, njo inaitika. Umesikia?"

"Ndiyo, Chef."

Sikuwa nimesikia kitu. Programu nilizojifunza shuleni zilianza mstari wa kwanza zikaenda moja kwa moja mpaka wa mwisho, kama mtu anayesoma barua. Hizi zilikuwa za madirisha na vitufe, nazo hukaa kimya. Mtu akibonyeza, hilo tunaliita tukio. Kila kitufe kina msikilizaji wake, yaani kipande cha programu ambacho kazi yake ni kuitikia tukio hilo tu. Tena tuliandika kwa madarasa. Darasa ni kama forma ya matofali, na kitu ni tofali lenyewe. Ukichonga forma moja nzuri ya kitufe, unafyatua vitufe mia. Ukiikosea, kosa nalo unalifyatua mara mia. Nyinyi vijana leo mnaburuta kitufe kwa kipanya na kukiweka mnapotaka. Sisi tuliandika hata upana wake kwa mkono, na bado tulijiona wafalme.

Nilianza na skrini za ghala hapa Kolwezi, kisha nikapelekwa Lubudi kutengeneza skrini ya kuandikisha mabehewa. Mkuu wa Stesheni wa kule hakuiamini kompyuta, kwa hiyo kila kitufe alikibonyeza mara mbili. Behewa moja likawa mawili. Wiki nzima tulitafuta mabehewa ambayo hayakuwahi kuzaliwa. Mwishowe nikaandika kwamba kitufe kikishabonyezwa kilale mpaka kazi iishe. Nilijifunza pale kwamba kitufe hakijui nia ya mtu. Ninalitaja hili ili msije mkanitetea mbele kwamba sikujua.

Kutoka Lubudi nilirudishwa Kolwezi, kwenye shimo moja la mgodi upande unaoitwa Mashamba. Kampuni siitaji. Nilipewa skrini za chumba cha uangalizi, ambako maopereta walitazama pampu zinazotoa maji chini ya shimo. Pampu ikilegea au maji yakipanda, dirisha jekundu lilitokea katikati ya skrini likiwa na kitufe kimoja, kimeandikwa VU, Kifaransa cha "nimeona". Opereta akikibonyeza, jina lake na saa viliandikwa kwenye daftari la mashine. Dakika tatu zikipita bila VU, king'ora cha chini ya shimo kililia chenyewe na watu wakapanda. Nilijivunia king'ora kile kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Shida ilikuwa vipimo. Vilikuwa vizee, vikidanganya kutwa. Dirisha likatokea mara thelathini kwa saa, king'ora kikalia bure, malori yakasimama. Mama Feza, opereta wa zamu ya asubuhi, ndiye aliyenikabili. Alikuwa binti wa msafirishaji aliyetoka mashariki, mwenye kilemba safi na ulimi usioogopa cheo.

"Tata Ngoy, ile dirisha yako inatokaka bure tu. Mi nashika radio mukono huu, telefone mukono huu. Kipanya nitashika na meno?"

Injinia wa Uzalishaji aliposikia, hakuniuliza maoni. "Weka waweze kubonyeza Enter tu. Leo." Ilinichukua nusu saa. Nilimfunga msikilizaji yuleyule wa VU kwenye kitufe cha Enter cha kibodi, nikaenda kula.

Mwezi haukuisha nikaingia chumba kile na kukuta jiwe juu ya Enter. Lilikuwa kipande cha malakiti, jiwe la shaba, kijani, ukubwa wa yai la bata, kimekaa kama kimeajiriwa. Madirisha mekundu yalitokea na kufungwa kabla jicho halijayashika. Zamu zote tatu walilitumia. Opereta wa jioni alimwachia wa usiku jiwe pamoja na funguo.

"Huyu njo kibarua yetu," Mama Feza akasema. "Halalake, hakulake."

Nilimcheka kibarua huyo asiyelala wala kula. Cheko lile nalisikia mpaka leo. Nilihitaji kuandika kitu kwenye kompyuta ile, nikaliondoa jiwe, nikaandika, kisha nikalirudisha mahali pake kwa adabu. Nilijua kwamba tukio la kitufe hueleza kama kimebonyezwa upya au kimeshikiliwa tu. Mistari mitatu ingetosha kulikataa jiwe. Nikasema nitaiandika vipimo vipya vikija.

Mvua ilitangulia vipimo. Asubuhi hiyo pampu mbili zilizimika pamoja, na maji yakaja na tope la ukingoni. Mama Feza alikuwa nje ya mlango na radio, kwa sababu ndani haikushika, akimwongoza dereva aliyekwama. Madirisha yakatokea, jiwe likayafunga. King'ora hakikulia. Chini kulikuwa na Kalenga, fundi wa pampu, na mwenzake. Maiti zao tulizitoa siku ya tatu. Mke wa Kalenga alisimama kwenye uzio siku zote hizo bila kukaa chini, nami sikuthubutu kupita upande ule.

Kikao kiliitishwa kwa Mkurugenzi. Alikuwa na daftari la mashine limechapwa kwenye karatasi. Mstari baada ya mstari: VU, Feza. VU, Feza. VU, Feza.

"Kompyuta inaandika aliona," Mkurugenzi akasema. "Bwana Ngoy, ulitengeneza wewe. Kompyuta inaweza kusema uongo?"

Mkuu wangu alinitazama, kisha akatazama tai yake. Mama Feza akageuka.

"Tata Ngoy, sema. Jiwe ulionaka. Ulishikaka na mukono yako."

"Kompyuta haisemi uongo, Bwana Mkurugenzi," nikajibu. "Jiwe niliona mezani. Kazi yake sikuijua."

Mama Feza hakulia. Alinitazama tu kama mtu anayesoma bei mara ya pili. Walimfukuza siku hiyohiyo, kisha akafungwa. Maopereta wa zamu nyingine walinyamaza kama mimi, na jiwe likatoweka. Wiki iliyofuata, bila kuagizwa na mtu, niliandika ile mistari mitatu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mwaka ule nikapandishwa cheo, na Mkuu alipostaafu nilikalia kiti chake, ambacho kilikuwa na mgongo.

Nilistaafu kwa hotuba, na saa ya ukutani ambayo sijaitundika. Nimeona haya, nimeona aibu, na nimekuwa mwoga miaka mingi kuliko niliyokuwa mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; mimi nilitaka kujiumbua mwenyewe kabla. Basi mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Kasulo, anakoishi Mama Feza. Ua wake una shimo la kobalti lililofunikwa kwa mbao, kama nyua nyingi za kule. Amezeeka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Ile mi naijua," akasema. "Nilikuwaka mule. Sasa unaniletea mi ya nini? Bibi ya Kalenga anaishi pale tu, mulango ya bluu. Tangu nitoke gereza haniitikiaka jambo. Anazani nilionaka bwana yake anakufa, nikabonyeza. Enda kwake."

Hatua arobaini. Nilipiga hodi kwenye mlango wa bluu, akatoka mama mwembamba na ufagio mkononi. Nilisema tena, polepole zaidi, kwa sababu safari hii ilibidi nieleze msikilizaji ni nini na tukio ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo jina ya Feza ku karatasi," akauliza, "haiko Feza alibonyeza?"

"Hapana, mama. Ni programu yangu iliandika. Jiwe lilibonyeza, na programu ikaandika jina la mtu wa zamu."

"Na siku ile ya kikao ulijua?"

"Nilijua."

Aliuegemeza ufagio ukutani. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Hakunitukana. Alinipita bila kunigusa, miguu mitupu, akavuka barabara mpaka kwenye ua wenye mbao, akasimama langoni.

"Hodi," akaita. Akarudia kwa jina. "Hodi, Mama Feza."

Kisha nikasikia kutoka ndani, "Karibu, mama," na lango likafunguliwa, likafungwa. Mimi nilibaki barabarani nikingoja, na hakuna aliyeniita.