Kibodi ya Kugusa

Mtengeneza programu huyu habonyezi vitufe, huvitwanga mpaka herufi zimefutika. Kosa likitokea husonya, hukisukuma kiti nyuma kwa kisigino, kisha hukivuta kwa nguvu, utadhani kiti ndicho kilichokosea. Anatengeneza kibodi ya kugusa kwenye skrini kwa watumiaji wa kompyuta za mfumo wa Linux, na ole wake anayemwandikia kwamba ina kasoro. "Kwangu inafanya kazi!" hufoka peke yake, akimjibu. Dada yake, ambaye vidole vimemkakamaa hawezi kubonyeza kitufe ila kugusa tu, husikia makelele hayo yote kutoka chumba cha pili na kunyamaza, maana anaambiwa kazi hiyo ni kwa ajili yake.

Leo kaka amemwekea kibodi hiyo kwenye kompyuta. Kompyuta ilipowashwa, skrini ikataka neno la siri. Wakangoja. Kibodi haikutokea.

"Mpaka uingie kwanza, dada, ndipo itokee."

"Na hilo neno la siri niliandike kwa nini, kwa pua?"

Akasonya. Kiti kikaenda nyuma, kikarudi. "Kila siku kutafuta dosari tu! Hebu nitajie." Dada akameza hasira, akataja siri yake kwa sauti, herufi moja moja, na kaka mtu akaitwanga kwenye vitufe vyake vilivyofutika. Skrini ikafunguka, kibodi mpya ikachomoza chini, inang'aa.

"Haya, si umeingia?"

Dada akairudisha mikono mapajani.

"Umeingia wewe. Mimi bado niko nje."