Emerance na nundu iliyoharakisha harusi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtumbwi kutoka kisiwa cha Idjwi unagusa ufuko wa Kituku, mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Emerance Mukamugema anainama. Wenzake wanampakia mananasi kilo thelathini mgongoni, naye anavuta ukanda wa mzigo hadi kwenye paji la uso. Anasimama akicheka.

“Mama Kampala, songa, unaziba njia,” Rosine, mbebaji mwenzake, anamtania.

Jina hilo Emerance amelipata mwaka huu, na analipenda.

Emerance, mwenye miaka arobaini na mbili, alikimbia vita Rutshuru mwishoni mwa 2022 pamoja na binti yake, Louise. Kwao alilima maharagwe. Goma akawa mbebaji: hadi kilo sitini kwa safari, safari kumi kwa siku.

Baada ya miezi michache nundu iliota chini ya shingo, pale pale mzigo unapokaa. Hakuna aliyeshtuka. Wabebaji wenzake huamini kwamba uvimbe wa hapo ni mwili unaojitengenezea mto, na mgeni anayeupata huhesabiwa kuwa amekomaa kazini. Rosine alimpigia makofi. Emerance akaiwekea kitenge kilichokunjwa, akaendelea kubeba mwaka mzima.

Ilipofikia ukubwa wa parachichi, mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi. Hospitalini, Dokta Buhendwa alimwambia bila kumficha kwamba inafanana na saratani. Aliikata, akatuma kipande kupimwa Kampala. Majibu yangechukua wiki sita. Rosine alisema mgongo wa Emerance umepanda ndege kabla ya mwenyewe, akaanza kumwita Mama Kampala.

Emerance hakungoja. Alimwita Julien, seremala wa Ndosho na mchumba wa Louise, akamwomba harusi ifanyike kabla majibu hayajafika. Awali walikubaliana kusubiri hadi Louise, mwenye miaka kumi na tisa, amalize sekondari. Sasa binti akaacha masomo, akaanza kutafuta gauni.

“Nilikuwa nawaza, mutoto wangu hana baba, na kesho hatakuwa na mama,” anasema Emerance. “Angalau nimuache kwa mutu.”

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi, majibu yaliwahi kufika na dokta akampigia simu. Haikuwa saratani. Ilikuwa protini iliyoganda na kurundikana mahali pamoja hadi ikaonekana kama uvimbe wa saratani, jambo la nadra sana. Kwa kuwa protini ya aina hiyo huweza pia kuingia moyoni au kwenye figo, alipimwa vyote. Vilikuwa vizima. Atarudi kuangaliwa kila mwaka.

Emerance alimwomba dokta arudie maneno yale mara tatu. Kisha akatembea hadi Ndosho, akamkuta Julien akipiga randa, akamwambia harusi imeahirishwa kwa sababu mama mkwe hafi tena.

“Mama, uko unanifukuza?” aliuliza Julien.

“Nakungojesha. Uko na miaka mingi ya kunivumilia.”

Julien alicheka hadi akakaa juu ya mbao zake.

Louise amerudi darasani, na anataka kusomea uuguzi. Emerance naye amejipangia jambo moja.

“Nataka nicheze harusi ya mutoto wangu kwetu, Rutshuru,” anasema. “Vita ikikawia, nitangoja. Sasa niko na wakati.”