Mtengeneza nywele wa Harlem aogopa hadithi yake mwenyewe

Saa moja asubuhi, jiko la Ozella Crumbley limeshajaa harufu ya mafuta ya nywele na nyama ya nguruwe iliyobaki jana. Chanuo la chuma liko motoni. Analitoa, analijaribu kwenye kipande cha gazeti, karatasi inageuka rangi ya kahawia, analipuliza. Mara anaganda, chanuo hewani. Kuna mtu anapanda ngazi.

"Nani huyo?"

"Mimi, Verdelle! Ulidhani nani, shetani?"

"Shetani angepiga hodi," anajibu Ozella, lakini hacheki. Anamwingiza mteja wake wa siku zote, kisha anarudisha komeo na kuegemeza kiti mlangoni.

Ozella si jina lake halisi. Nimelibadilisha, na majina ya wengine pia. Wilaya aliyotoka kule Georgia sitaitaja hata msomaji anipigie magoti, wala makala hii haitoki mpaka Ozella mwenyewe aseme. Mtanielewa mkifika mbele.

Ozella ana umri wa miaka arobaini na mmoja, mjane, mwimbaji wa kwaya, na kwa muda mrefu amekuwa akinyoosha kwa chanuo la moto nywele za wanawake wa Harlem jikoni kwake. Kichwa kimoja ni dola moja na nusu. Kwa kuwa kodi za huku hazina huruma, chumba cha nyuma amempangisha kijana mmoja mwandishi. Mtaa wetu siku hizi una waandishi wengi kuliko wauza samaki, nami ni mmoja wao, kwa hiyo nisijitoe.

Kijana huyo, Thaddeus Merriwell, amezaliwa Boston na amesoma mpaka chuo kikuu. Kusini hajawahi kukanyaga. Kila mara wateja walipokuwapo, alikuja kukaa mezani na sahani yake ya mkate wa mahindi, akisikiliza.

"Nilimwona anakula tu, masikini," anasema Ozella. "Kumbe masikio nayo yalikuwa yanakula."

Sisi watu weusi tuliokulia Kusini tunajua desturi ya majiko haya. Linalosemwa mbele ya chanuo la moto haliendi mbali. Na jambo la hatari halisimuliwi kavu kavu: unalivika nguo za hadithi, "hapo kale palikuwa na jamaa mmoja," watu wanacheka, na mwenye akili anaelewa kwamba jamaa huyo yupo, anakula na kulala.

Msimu wa baridi uliopita Ozella alisimulia hivyo habari za mdogo wake wa kiume. Aliporudi kutoka vitani Ufaransa, alishuka stesheni ya kwao amevaa sare ya jeshi. Wazungu waliokuwa wakimngoja wakamwamuru aivue pale pale. Akakataa. Mmoja alipomshika kola, mdogo wake Ozella akamwangusha kwa ngumi. Kufikia jioni genge lilikuwa na kamba na mbwa.

Jinsi alivyotoroka siandiki. Inatosha kusema kwamba mzee mmoja wa kanisa lao alibuni ujanja ambao mtu yeyote wa wilaya ile akiusikia atajua mara moja ni kazi ya mikono ya nani. Mdogo wake Ozella yuko salama Kaskazini. Mzee yule yuko kule kule, nyumba ile ile, na wale wa genge ndio majirani zake.

Mwezi uliopita Verdelle alikuja na jarida jipya la fasihi, akakaa kitini, akaanza kusoma kwa sauti ili kumfurahisha fundi wake.

"Shoga, sikia hii, mpangaji wako kaandika! Haina mbele wala nyuma, mara wimbo, mara nukta tupu, lakini hapa kuna jamaa kaja na sare yake…"

Aliposoma mstari wa pili wa ule ujanja, chanuo likamgusa sikio. Verdelle aliruka akipiga kelele. Ozella hakuomba hata radhi.

"Nilimnyang'anya jarida nikalisoma mwenyewe," ananiambia. "Kila kitu kimo. Kabadilisha majina, basi. Kule nani anahitaji jina?"

Thaddeus alipoitwa jikoni, alikuja akitabasamu, akidhani anapongezwa.

"Bi Ozella, nilidhani ni ngano! Kama zile za sungura. Nikasema huu ni urithi wetu. Wazungu wakiandika Amerika, sisi hatumo, au tumo tunafagia. Nilitaka waone kwamba hadithi kama hizi ndizo Amerika yenyewe."

"Amerika ipi, mwanangu? Ile mdogo wangu aliyoipigania, au ile iliyomngoja stesheni?"

Kijana akakaa chini. Verdelle, sikio lote limepakwa siagi, akamwambia, "Shule yote hiyo, na hujui mtu akiwa anaficha kitu!"

Sitamtetea, lakini sitamzika pia. Kesho yake alikwenda katikati ya mji kwa mchapishaji wa kitabu chake, ambamo hadithi ile ilikuwa sura mojawapo, akaomba itolewe. Akajibiwa kwamba sura ile ndiyo kitabu. Bila hiyo, aende zake. Akaenda zake. Kitabu cha kwanza cha maisha yake kimekufa, na tangu siku hiyo anakula chumbani kwake.

Jarida, hata hivyo, limeshatoka. Nakala zimekwenda kila jimbo. Gazeti moja la wazungu la Georgia limeshalitaja kwa dhihaka.

Ozella alimtuma mhudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, muumini wa kanisa lake hapa, apeleke ujumbe kwa mdomo: mzee aondoke, nauli ipo. Mhudumu alirudi na jibu fupi. Mzee anashukuru, lakini macho yamekwisha, hawezi kusafiri peke yake. Mhudumu akaongeza kwamba juma lile watu wawili wasiomwendea kamwe walisimama mbele ya uzio wake, wakatazama nyumba, wakaondoka bila salamu.

Kwa hiyo mpango wa Ozella ni huu: anakwenda kumchukua. Mdogo wake alitaka kwenda, Ozella akamfungia mlango. Thaddeus alijitolea, Ozella akamwambia kwamba akifungua kinywa tu, na lafudhi yake ya Boston, watamzika pamoja na mzee. Anakwenda mwanamke, mwenye gauni kuukuu, mtu asiyetazamwa mara mbili. Anataraji kurudi na mzee kabla ya Pasaka na kumpa chumba cha mbele, chenye jua.

Nilipofunga kalamu alinishika mkono.

"Utaandika nini kuhusu mimi?"

Nikamwambia nitaandika kwamba ni mwanamke jasiri.

"Usithubutu," akasema. "Ninyi mkituandika, tunaimba, tunacheka, tunavumilia. Wazungu wakituandika, hivyo hivyo. Sijasoma hata mahali pamoja ambapo mtu wetu anatetemeka. Andika kwamba Ozella anaogopa. Andika kwamba tangu jana chakula hakipiti. Halafu ndiyo uandike kwamba amekwenda."

Treni yake imeondoka leo asubuhi.