Hendeli Yangu Msibani Ruangwa

Jamani, mtani wangu Hamisi ameniuza leo mchana, tena msibani!

Nimeibandika habari hii hapa ukutani hotelini, someni kabla chai haijapoa.

Nimetoka Nachingwea kwenda kumzika mjomba kwa gari langu, lile nililonunua kwa Waingereza mradi wao wa karanga ulipofungwa. Nimeingia Ruangwa napiga honi. Mnanijua.

Ila selfu, ile ya kuwashia injini, imekufa. Aliyejua ni Hamisi peke yake, niliyekuja naye, maana ndiye hunipigia hendeli kwa siri, kile chuma cha kuzungushia injini hadi iwake.

Baada ya maziko nikampakia mama mkwe kiti cha mbele. Natafuta hendeli, haipo. Kumbe Hamisi ameikalia katikati ya waombolezaji!

"Mtani, nipe."

"Jamani, gari lake haliwaki bila chuma hiki!" akawatangazia. Wakacheka. Akanigeukia: "Umeingia msibani kama bwana harusi. Mlilie mjomba kwanza."

Utani ni utani. Hata wazee wakamuunga mkono.

Nikaanza kulia kwa hila. Mara nikamkumbuka mjomba akinishikia baiskeli nisianguke. Nikalia kweli, na makamasi juu.

Hamisi akainuka, akapiga hendeli mwenyewe. Gari likawaka.

Lakini siri yangu sasa Ruangwa nzima wanayo. Nyinyi mngemsamehe? Andikeni hapo chini.

Mimi bado.