Mawese Kifuani

Uvimbe niliugundua nikioga, kwenye bafu la mabati la nyumba niliyopanga Buzebazeba, hapa Kigoma. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani, kitu kigumu kama kokwa la chikichi. Nikakibonyeza, hakikuuma. Nikajimwagia maji yaliyobaki, nikavaa, nikaenda kufundisha hesabu.

Miaka ile ya wakimbizi mji ulifurika watu, na mimi sikuwa na mtu. Serikali ilinitoa Tanga, ikaniteremsha stesheni ya mwisho ya reli, ikaniambia haya, fundisha. Walimu wenzangu walizungumza Kiha chao ofisini, nikiingia wanageuza Kiswahili kwa heshima, na mazungumzo yanapoa hapohapo. Siwalaumu. Ila mtu huchoka kuwa mgeni wa heshima.

Nyumbani sikuandika. Kwetu ugonjwa wa titi hautajwi. Ukitajwa, wanakuja kukutazama kwa zamu, wameshika tama, na hapo hata kufa hujafa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo, msinihubirie. Nilikuwa na kiburi changu, nikakaa nacho.

Aliyejua alikuwa mmoja tu, mwanamke wa Kongo aliyekuwa akinifulia. Alivuka ziwa akikimbia vita, kambini hakutaka kukaa, akawa anajificha mjini na kufua kwenye nyumba za watumishi wa serikali. Siku moja alinikuta nimefunga kanga shingoni kama mtoto, maana kuifunga kifuani kulishaanza kuniuma. Hakuomba ruhusa. Aliweka beseni chini, akatia mkono.

"Iko nini hapa, Mwalimu?"

"Hebu toa mkono wako! Mambo gani haya?"

"Dada yangu alianza hivihivi," akasema, na machozi yakamtoka palepale. Hasira zikanipanda. Mgonjwa ni mimi, anayelia ni yeye! Dada yake alifia Uvira, na titi lake, alinieleza bila kuulizwa, lilikuwa limeoza.

Tangu hapo kila akija kufua alipasha mawese kwanza, yale mazito mekundu ya huku Kigoma, akanikanda. Nilimwambia anapoteza mafuta ya mboga. Yeye anakanda tu, huku akinisukuma niende hospitali. Nami nikawa naingoja siku ya kufua kuliko nilivyongoja Idi. Si kwa ajili ya mawese. Wiki nzima hakukuwa na binadamu mwingine aliyenigusa.

Mwishowe nikaenda. Hospitali ilijaa wagonjwa walioletwa kutoka makambini, wengine wamelala chini kwenye veranda. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, naye wa kuja kama mimi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akapapasa titi, akapapasa kwapa, akakuta na tezi zimevimba. Kisha akainamia ngozi, akaitazama kwa karibu.

"Mwalimu, ngozi imeshageuka rangi. Imeiva. Hii ni saratani, na imeshafika nje. Inabidi tuliondoe titi lote, wiki hii hii."

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, sijaolewa, sijanyonyesha. Nikatazama kifuani ambako siku zote nilikwepa kutazama, nikaona ile rangi.

"Imeiva nini? Daktari, hayo ni mawese!"

"Ni nini?"

"Mawese! Nimekandwa jana!"

Akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta. Pamba ikatoka ya rangi ya chungwa. Chini yake ngozi ilikuwa ileile niliyozaliwa nayo. Daktari akakaa kwenye kiti akacheka, nami nikacheka, tukacheka kama wehu. Halafu akaacha kucheka, akaitazama ile pamba.

"Ningekukata kwa mawese," akasema taratibu. "Basi tusikimbilie. Tutoe kipande kidogo kwanza, kiende Dar es Salaam kikasomwe."

Kipande kikasafiri kwa treni ndani ya kichupa cha dawa. Mvua ikakata reli. Yakaja majibu ya kwanza, kwamba walioangalia kwa darubini hawakuelewana, wengine wanasema saratani, wengine wanasema sivyo, wanamtafuta mtaalamu mwingine. Mkongo wangu aliposikia hivyo akatikisa kichwa. Kwake yeye madaktari wakishindwa kusema, wanakusitiri tu usijue kwamba unakufa.

"Majibu yenyewe yakija," nikamwambia, "wa kwanza kuambiwa ni wewe. Kabla ya mama yangu."

"Sawa, Mwalimu. Aksanti." Lakini alikuwa ananiangalia kwa jicho la kuaga.

Yakatoka matangazo kwamba kila mkimbizi arudi kambini. Nikamkuta mtaa wa Mwanga, karibu na soko, yuko juu ya lori, sabuni ya kunifulia mimi ingali mkononi. Aliinama, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Tutaonana kwa Mungu, Mwalimu."

"Kwa Mungu nini wewe? Tutaonana wiki ijayo, nakufuata kambini!" Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Lori likaondoka, na ile sabuni akaenda nayo.

Majibu yalifika siku chache baadaye. Daktari alinisomea, akarudia polepole, maana na yeye ugonjwa ule alikuwa hajapata kuuona. Mwilini, alisema, kuna chembe ziitwazo histiosaiti, kazi yake ni kufagia na kula uchafu. Kwangu zilizaana zikajikusanya titini na kwapani bila sababu inayojulikana. Ukizitazama kwa darubini, hizo kubwa zimemeza chembe nyingine ndogo, lakini hazikuzisaga. Ndogo zimo ndani, nzima, zinaishi. Hiyo ndiyo alama aliyoitambua yule mtaalamu. Ni nadra mno, na huwadanganya madaktari kila mahali.

"Si saratani, Mwalimu. Tutautoa uvimbe wenyewe tu, titi litabaki." Alikuwa amefurahi kuliko mimi. "Umekuja na nani? Mwite, nimweleze na yeye."

"Sikuja na mtu," nikasema.

Nikashuka hadi ufukweni. Nilikuwa na furaha kubwa kifuani na pa kuitua hapakuwepo. Mama mmoja alikuwa anageuza dagaa mchangani. Nikamsalimu, nikamwambia, "Mimi sina saratani."

Akanitazama. "Hongera, mama. Nikupimie wakavu?"

Nikanunua. Kesho yake nikapanda gari kwenda kambini. Nikaulizia safu hadi safu, mwanamke wa Uvira, mfupi, mfuaji, analia ovyo. Wakaniambia alikuwepo, ila watu wa kwao wameshavuka, naye pamoja nao, wamerudi kwa meli. Nikatuma salamu kwa waliokuwa wakifuata. Nikatuma tena mwaka uliofuata. Sijui kama zilifika.

Uvimbe ulitolewa, titi ninalo, uzee wenyewe umenikuta hukuhuku Kigoma. Mama yangu amekufa bila kujua kwamba niliwahi kuumwa. Lakini ng'ambo ya ziwa, kama yu hai, yuko mwanamke anayejua kwamba mimi nilishakufa zamani, na kwa nilivyomjua, alinililia vizuri. Meli ya Kongo ikifunga gati huwa nateremka bandarini. Sina mzigo ninaoungoja. Nasimama pale wanaposhukia wanawake, nainua uso wanione.